Uvimbe wa ubongo: Dodoma tumepata mashine, tumemsahau daktari

Mkazi wa Dodoma aliyezoea kupanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kila anapoandikiwa kipimo kikubwa ana haki ya kufurahi. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza kupandikiza figo. Miaka mitano baadaye ikaanza kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu. Kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3 zilizokopwa mwaka 2021, mashine za CT scan zikanunuliwa kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, na picha ya ndani ya fuvu ambayo wazazi wetu waliifuata Muhimbili sasa inapigwa mtu akarudi nyumbani kula mchana. Upasuaji wa ubongo nao unafanyika hapa hapa. Kila hatua ikitangazwa, maoni mitandaoni huwa yale yale: magonjwa ya ubongo sasa yamepatiwa ufumbuzi, habari za kwenda India zimekwisha.

Furaha hiyo naikubali. Tafsiri yake ndiyo siikubali. Mashine na kisu vimefika kabla ya mtu anayepaswa kuvitangulia, yaani daktari bingwa bobezi wa mishipa ya fahamu aliyejikita kwenye uvimbe wa ubongo. Nasema kwamba kila CT scan mpya inayofungwa katika kanda hii inaongeza uhitaji wa daktari huyo, haiupunguzi hata kidogo. Na nasema pia kwamba ile sehemu ya kazi yake tunayoiona kuwa ni anasa ya Wazungu, yaani utafiti, ndiyo Dodoma inayoihitaji mapema kuliko nyingine zote. Najua wapo watakaouliza ninamzungumzia nani hasa, kwa hiyo nianze na jina.

Kiswahili chetu cha mtaani kinasema “daktari wa ubongo”, na ndani ya neno hilo tunawarundika watu watatu wenye kazi tofauti. Yupo bingwa wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, anayefungua fuvu. Yupo bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye hapa Dodoma hahitaji kutambulishwa, maana jina la Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, limegeuzwa tusi nchi nzima, hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga mkoa huu. Halafu yupo wa tatu. Huyu hashiki kisu. Anagonga goti kwa kinyundo cha mpira, anamulika ndani ya jicho, anamwambia mgonjwa atembee kisigino kikigusa kidole, kisha anakueleza hitilafu iko upande gani wa kichwa na imekwenda ndani kiasi gani. Ndiye daktari wa mishipa ya fahamu, na hapa nchini jina la Profesa William Matuja wa Muhimbili linafahamika kwa kila aliyeisomea fani hiyo. Miongoni mwao duniani wako wachache waliochagua uvimbe wa ubongo uwe kazi ya maisha yao. Hao ndio ninaowazungumzia.

Nina mfano mmoja wa nyumbani. Mjomba wangu, mkulima wa alizeti upande wa Mvumi, alianza kubadilika akiwa na miaka hamsini na kitu. Mtu mcheshi akawa haongei. Akawa anakaa nje mpaka giza linaingia bila kujali mbuzi wamerudi au hawajarudi, na siku moja akajisaidia haja ndogo mbele ya wakwe zake bila kuona aibu. Ukoo uligawanyika: wapo waliosema karogwa kwa ajili ya shamba, wapo waliosema ni pombe, na hospitali moja ikampa dawa za ugonjwa wa akili kwa karibu miaka miwili. Picha ya kichwa ilipigwa, tena mapema tu. Lakini kwenye fomu paliandikwa “maumivu ya kichwa” basi, ikapigwa bila ile dawa inayochomwa mshipani ili mambo yaonekane vizuri, na majibu yakarudi kwamba hakuna cha kutisha. Aliyemgundua ni daktari mgeni aliyemfumba macho, akamziba tundu moja la pua, akamsogezea kipande cha chungwa na kumuuliza hiki ni nini. Tundu la kushoto halikunusa chochote. Uvimbe ulikuwa umekaa mbele, nyuma ya paji la uso, ukiukandamiza mshipa wa harufu. Haukuwa saratani.

Lile chungwa ni mbinu ya zamani kuliko mashine zote tunazozishangilia, na ndiyo iliyozaa fani nzima. Mwezi Novemba 1884, mjini London, daktari Alexander Hughes Bennett alikuwa na mgonjwa, mkulima kijana kutoka Uskoti, aliyeanza na mitukutiko ya uso na mkono wa kushoto, kisha mkono wenyewe ukawa unadhoofika. Hapakuwa na picha ya namna yoyote. Eksirei ingegunduliwa miaka 11 baadaye, na CT scan ya kwanza ya kichwa cha mgonjwa ingepigwa mwaka 1971, huko huko London. Bennett alisikiliza, akapima, akafuatilia mitukutiko ilianzia wapi na kusambaa kuelekea wapi, kisha akamwonyesha mpasuaji Rickman Godlee sehemu ya fuvu ya kufungua. Uvimbe ulikutwa pale pale aliposema. Mgonjwa alifariki wiki nne hivi baadaye kwa maambukizi, kwa sababu upasuaji wa enzi ile ulikuwa hivyo, lakini jambo lilikwisha thibitika. Historia inamkumbuka Godlee kwa kisu chake. Mimi hujiuliza bila Bennett angefungua wapi.

Njia ya kuwa daktari wa aina hii ni ndefu mno. Miaka mitano ya shahada ya udaktari, mmoja wa mafunzo kwa vitendo, mitatu ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, miwili au zaidi ya ubobezi wa mishipa ya fahamu, na juu yake mwaka mmoja au miwili ya uvimbe wa ubongo, ambayo kwa Mtanzania maana yake ni kuondoka nchini. Jumla inafika miaka 12 au zaidi, bila kuhesabu kusubiri ufadhili wala kituo cha kazi. Na baada ya yote hayo hana kifaa cha kupigia picha ya gazeti siku ya uzinduzi. Kazi yake ni kufikiri na kufuatilia. Mpasuaji anakaa na uvimbe kwa saa kadhaa. Huyu anakaa na mwenye uvimbe kwa miezi na miaka, pamoja na mke au mume wake, na yule mtoto wa kwanza anayebeba mafaili.

Tuchukue deksamethasoni, dawa ya bei ndogo isiyo ngeni hata wilayani. Mwaka 1961 madaktari wawili wa Minnesota nchini Marekani, Joseph Galicich na Lyle French, walionyesha kwamba dawa za jamii hiyo hupunguza maji yanayojaa kuuzunguka uvimbe. Tangu hapo mtu aliyepooza upande mmoja anaweza kuinuka kitandani ndani ya siku mbili. Ndugu hushangilia, na wapo wanaoomba ruhusa wakiamini amepona. Mtu aliyebobea anajua yaliyobaki. Ikiendelea kwa wiki nyingi bila kupunguzwa, itapandisha sukari, italegeza misuli ya mapaja mpaka mgonjwa ashindwe kuinuka kwenye kigoda, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilichokuwa kimelala. Lipo na jingine la hila zaidi. Uvimbe wa aina ya limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili, huyeyuka kwa muda ukipewa dawa hiyo. Ukimpa mgonjwa dawa hiyo kabla ya kuchukua kinyama cha kupima, mtaalamu wa patholojia anaweza asikute kitu cha kusoma, na ugonjwa utarudi baadaye ukiwa bado hauna jina. Halafu kuna dawa za kifafa. Fenobabitali, karbamazepini na fenitoini, ambazo ndizo tulizozizoea, hulichochea ini kuvunja haraka dawa nyingine, zikiwemo baadhi za saratani na baadhi za kufubaza VVU. Na mwenye uvimbe ambaye hajawahi kuanguka hata mara moja kwa kawaida haanzishiwi dawa hizo kama kinga. Wataalamu wa Marekani waliandika mwongozo huo tangu mwaka 2000. Hakuna hata moja kati ya maamuzi haya linaloonekana kwenye picha.

Ukiuleta ujuzi huo katikati ya Tanzania, kazi inazidi kuwa ngumu. CT scan ya mtu aliyeanguka kifafa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka arobaini inaweza kuonyesha duara lenye ukingo mweupe na uvimbe wa maji pembeni. Duara hilo laweza kuwa saratani iliyoanzia kwenye ubongo wenyewe, au mbegu ya saratani ya titi iliyosafiri, au jipu, au kifua kikuu, au kimelea cha toksoplasma kwa mwenye VVU, au kifuko cha tegu wa nguruwe anayekufa. Hilo la mwisho tusilichukulie kwa mzaha. Wilaya ya Kongwa imeshafanyiwa utafiti wa tegu huyo na njia zake za kumfikia binadamu, mpaka kwenye udongo. Anayekula kitimoto kisichoiva hupata mnyoo wa tumboni. Vifuko vya kwenye ubongo hupatikana kwa kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo. Kwa hiyo hata Mwislamu wa Kondoa ambaye hajawahi kuionja nyama ya nguruwe anaweza kuwa na vifuko hivyo kichwani kwa kachumbari tu. Mara nyingi tiba yake ni vidonge, na pengine kungoja. Mwenye uvimbe wa kweli ukimwambia angoje, umempoteza. Mwenye kifuko ukimpasua, umempa kovu la ubongo asilolihitaji.

Sasa nizipime hoja za wanaonipinga. Nianze na dhaifu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayosikika zaidi: kwamba picha inatosha, na kwamba hata kama msomaji wa picha hayupo Dodoma, picha itatumwa kwa mtandao Dar es Salaam au ng'ambo, au akili mnemba itaisoma kwa sekunde chache. Sina ugomvi na teknolojia hiyo. Ikipunguza foleni ya majibu, karibu. Lakini hoja yenyewe inadhani kwamba ugonjwa umeandikwa kwenye picha na unasubiri mtu mwenye macho makali. Mambo sivyo yalivyo. Toleo la tano la mgawanyo wa uvimbe wa ubongo la Shirika la Afya Duniani, la mwaka 2021, haliridhiki hata na darubini peke yake. Aina kadhaa za uvimbe hazipewi jina kamili mpaka vinasaba vyake vipimwe. Ikiwa kinyama chenyewe kikiwa mkononi hakitoshi, kivuli chake kitatosha vipi? Tena mashine hujibu swali iliyoulizwa. Fomu ikiandikwa “maumivu ya kichwa”, jibu litakuwa la maumivu ya kichwa. Mjomba alipigwa picha iliyo sawa na fundi aliye sawa. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika kwenye fomu kwamba huyu mtu hanusi, haoni haya, na miaka miwili iliyopita hakuwa hivi.

Hoja ya pili ni ya huzuni zaidi: kwamba uvimbe wa ubongo ni kifo tu, kwa nini tusomeshe mtu miaka 12 aje kushuhudia mazishi? Watu husema hivi wakifikiria ile aina kali kupita zote, glioblastoma, na hawajakosea kuhusu ukali wake. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada. Waliopewa mionzi pekee waliishi, kwa kipimo cha kati (muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka), miezi 12.1, walioongezewa vidonge vya temozolomidi waliishi miezi 14.6. Ukiishia hapo unaweza kucheka kwa uchungu: miezi miwili na nusu. Ila ukitazama baada ya miaka miwili, waliokuwa hai kundi la kwanza ni asilimia 10.4, na kundi la pili asilimia 26.5. Kwa mama mwenye mtoto wa darasa la sita, hiyo ni tofauti ya kumwona akimaliza la saba. Na glioblastoma haiwakilishi uvimbe wote. Kwenye rejista za Marekani zaidi ya theluthi ya uvimbe unaoanzia ndani ya fuvu ni meningioma, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, na sehemu kubwa yake si saratani. Neno hilo lilibuniwa na mpasuaji Harvey Cushing mwaka 1922. Hatuzungumzii habari ya juzi. Anayesema uvimbe wowote ni kifo anawahukumu hao wote kwa kosa la jirani yao.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na siwezi kuipita kwa maneno mepesi. Inasema uvimbe wa ubongo ni ugonjwa wa wachache. Mkoa wenye malaria, vifo vya wajawazito na watoto waliodumaa hauna sababu ya kujipa bobezi wa ugonjwa wa nadra. Takwimu zinaiunga mkono kwa kiasi. Kwa makadirio ya mwaka 2020, duniani kote saratani za ubongo na mfumo wa fahamu zilikuwa kama 308,000 kati ya saratani milioni 19 na zaidi. Ni sehemu ndogo. Mtu akiniuliza tuajiri wakunga kumi Chemba au bobezi mmoja mjini, siwezi kumjibu kwa uso mkavu kwamba bobezi atangulie. Lakini hapo kuna kitu kinachosahaulika. Daktari huyu kabla hajawa wa uvimbe ni daktari wa fahamu. Siku yake ya kliniki Dodoma itajaa kifafa, kiharusi, uti wa mgongo wa kifua kikuu, miguu inayowaka moto kwa kisukari, na vichwa vya wagonjwa wa saratani ya titi na mapafu ambazo zimepanda juu. Hao wa mwisho ni wengi kuliko wenye uvimbe ulioanzia kwenye ubongo. Uvimbe utakuwa sehemu ndogo ya foleni yake, na ndiyo itakayokuwa ngumu kuliko nyingine.

Na uhaba wenyewe una kipimo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017 ilihesabu madaktari wa fahamu wa watu wazima, wa watoto na wapasuaji wa ubongo kwa pamoja: nchi za kipato cha chini zilikuwa na 0.1 kwa kila watu 100,000, nchi tajiri 7.1. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Dodoma ukiwa na watu 3,085,625. Kwa kiwango cha kwanza mkoa mzima, kuanzia Mpwapwa mpaka Bahi, unastahili watu watatu kwa fani zote tatu. Kwa kiwango cha pili ungekuwa na zaidi ya 200. Siombi mia mbili.

Ipo hoja ya nne, ya kuondoka. Tunamsomesha, anapanda ndege, harudi. Au anarudi na kuishia Dar es Salaam, ambako hospitali binafsi zinamsubiri. Hii naikubali kuliko wengine wanavyoikubali. Mshahara ni sehemu ya tatizo, lakini nimewasikia madaktari vijana wakisema kinachowakatisha tamaa ni kurudi wakakuta hakuna wa kushirikiana naye: hakuna patholojia ya kusoma kinyama kwa wakati, hakuna mionzi karibu, hakuna mwenzake wa kubishana naye juu ya picha. Bobezi wa uvimbe akiwa peke yake ni kama mpiga zeze katikati ya kwaya ya shule. Kwa hiyo ufadhili wa serikali wa kusomesha mabingwa na mabingwa bobezi, ambao naupongeza, ukimtuma mtu mmoja mmoja utaendelea kuwapoteza. Ukituma timu, mpasuaji, daktari wa fahamu, mtaalamu wa patholojia na muuguzi, wakiwa na mkataba wa kurudi kwenye jengo moja, naamini hesabu itabadilika.

Sasa utafiti. Msomaji wa kawaida akisikia utafiti wa uvimbe wa ubongo anawaza maabara ya Boston, panya weupe na mabilioni. Upo huo. Lakini tazama mwaka 1989: Lisa DeAngelis, akiwa na Jean-Yves Delattre na Jerome Posner, wote madaktari wa fahamu wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering ya New York, waliandika habari za wagonjwa waliokuwa wamepona. Uvimbe uliosambaa kichwani ulikuwa umekwisha baada ya ubongo mzima kupigwa mionzi. Kwenye daftari la mionzi hao walikuwa ushindi. Miezi au miaka michache baadaye wakaanza kupoteza kumbukumbu, kuyumba wakitembea, kushindwa kuzuia mkojo. Waliolitambua ni wale ambao kazi yao ilikuwa kuendelea kumwona mtu baada ya uvimbe kuondoka, na tangu hapo wenye mionzi duniani wakalazimika kufikiri upya kuhusu dozi wanayoitoa kwa siku. Hakukuwa na panya. Kulikuwa na kliniki, mafaili, na madaktari waliouliza “mama anaendeleaje nyumbani?” wakaandika jibu.

Utafiti wa namna hiyo unawezekana Dodoma, na tunao ukoo wake. Denis Burkitt alikuwa mpasuaji tu wa Mulago, Uganda, alipoandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto. Ndio uliofikisha wanasayansi kwenye virusi vya Epstein-Barr. Hapa kwetu Henry Rwiza na wenzake walihesabu kifafa wilayani Ulanga, wakatangaza mwaka 1992 kwamba kinawapata takriban watu 10 katika kila 1,000, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kusema kifafa ni ugonjwa wa nadra kule. Tuna maswali yetu ambayo Boston haitayajibu. Kati ya maduara hayo yenye ukingo mweupe, kwa mtu wa Kongwa asiye na VVU, ni mangapi yanageuka kuwa tegu na mangapi saratani? Watu wangapi waliolazwa kwa mara ya kwanza kwa ugonjwa wa akili wakiwa wamevuka miaka hamsini wana kitu kichwani? Na lile la mionzi, ambalo linanigusa zaidi. Utaratibu wa kawaida wa glioblastoma ni mionzi mara 30, siku tano kwa wiki, wiki sita. Kwa mgonjwa wa Chamwino anayepelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road maana yake ni kuishi Dar es Salaam mwezi mmoja na nusu, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kulala wageni. Treni ya SGR iliyozinduliwa Agosti 2024 imefupisha safari. Haijafupisha wiki sita. Mwaka 2015 utafiti uliosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ulionyesha kwamba kwa wazee na wagonjwa dhaifu wenye glioblastoma, mionzi mara tano ndani ya wiki moja haikuwa na matokeo mabaya kuliko mara 15 ndani ya wiki tatu. Wagonjwa walikuwa 98 tu. Utafiti huo ulifikiriwa kwa ajili ya watu kama sisi, na sijui mtu atakayeujadili na familia ya Chamwino kama si daktari anayeijua familia hiyo.

Yapo yanayoweza kuanza bila kununua kitu. Mji huu una chuo kikuu chenye shule ya tiba, hospitali ya kanda, hospitali ya rufaa ya mkoa na hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, zote kwa umbali wa nauli ya bodaboda. Kikao kimoja kwa wiki cha kujadili kila picha yenye uvimbe, wakae mpasuaji, wa akili, wa picha, wa patholojia, na wa fahamu hata kama kwa sasa ni kwa simu kutoka Muhimbili, kinahitaji chumba na chai. Mfumo wa bima nao utazamwe wakati Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaendelea kupewa miguu: malipo yanayofuata kipimo yatazaa vipimo, na saa nzima ya kumsikiliza mgonjwa na kumnusisha chungwa itaonekana ni uvivu wa daktari. Halafu liwepo daftari. Jina, kijiji, namba mbili za simu kwa kuwa laini hubadilishwa, siku aliyopigwa picha, alichokutwa nacho, na kila baada ya miezi mitatu mtu anapiga simu.

Bunge la bajeti hukaa hapa hapa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Hotuba ya Wizara ya Afya itakuja na idadi ya CT scan na MRI, na makofi yatapigwa, mengine yakiwa ya haki kabisa. Mbunge yeyote wa mkoa huu atakayepata nafasi ya swali la nyongeza ningemwomba aulize moja tu: kati ya waliopigwa picha za kichwa Dodoma mwaka uliopita wakakutwa na uvimbe, ni wangapi ambao serikali inajua wako wapi leo?